Kinu Kina Mdomo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ingawa kichwa changu siku hizi kinasahau hata mahali nilipoweka miwani yangu. Ni siku ambayo mama mkwe wangu alimwaga mkekani mchele niliokwisha kuufunga, wakati milio ya bunduki inasikika ng'ambo ya mto. Nilidhani amepatwa na wazimu. Leo kila nikimkumbuka namwombea pepo.

Nakusimulia kwa sababu mji wetu wa Kindu umeanza tena kunong'ona. Sokoni wanawake wanagombania bidoni tupu, madumu ya plastiki, na habari zinazotoka mashariki kila mtu anaziongezea chumvi yake. Nami nakiri bila aibu kwamba ni mwoga. Pikipiki ikitoa mlio mkali huko barabarani, wajukuu wakigeuka wananikuta tayari nimeshajibanza nyuma ya mlango. Wananicheka sana. Wacheke, kwani kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Wakati ule wa vita nilikuwa bado msichana aliyeolewa juzi, na mgongoni nimembeba mtoto wangu wa kwanza, Mwavita, ambaye leo ni mama mwenye watoto wake. Tulikaa mtaa wa Mikelenge, mimi na mume wangu Amisi pamoja na mama yake, Mama Riziki. Jirani zetu walikuwa Baba Saidi na mkewe, na kati yetu palikuwa na uzio wa matete tu, hata mtu akipiga chafya kwao sisi tunamwambia afya.

Treni ilikuwa haifiki tena, na mashua zilikuwa zimesimama. Amisi akaenda Kibombo kwa baiskeli, akarudi akiisukuma kwa miguu, imebeba magunia ya mpunga. Nilifurahi mpaka nikatoa kigelegele. Mama Riziki akanikata jicho, na kigelegele kikaishia kooni.

Amisi alitaka kuupandisha mpunga darini, juu ya moshi wa jikoni, ukae na maganda yake kama walivyofanya wazee wake. Na kusema kweli alikuwa na haki, maana mpunga wenye maganda hukaa muda mrefu kuliko mchele.

"Mama, mupunga na maganda yake haiharibike," alisema. "Baba alikuwa anaiweka hivi siku zote."

"Baba yako alikuwa anaweka mupunga ya njaa," Mama Riziki akamjibu. "Hii njo mupunga ya vita. Kinu iko na mudomo, Amisi. Siku utaitwanga, utamwita nani?"

Mama Riziki alikuwa ameonja vita vya zamani, akiwa msichana mdogo, walipokimbilia porini upande wa Punia. Walikuwa na gunia zima la mpunga, na walilala njaa wakiliegemea, kwa sababu pigo moja tu la mchi lingewaleta wenye bunduki. Mdogo wake alifia huko. Hakupenda kulisimulia jambo hilo, na siku ile alilisema mara moja tu, akachukua mchi.

Basi tukatwanga. Tulitwanga mchana kweupe, wakati bado kila nyumba inatwanga, sauti yetu ikapotea ndani ya sauti za wengine. Mama Riziki hakuridhika na kutwanga mara moja. Alirudia, akapepeta kwa ungo mpaka mchele ukawa mweupe kabisa, kwani pumba ndizo huuchachusha mchele na kuwaita wadudu. Pumba zenyewe tulizifukia nyuma ya migomba. Mimi nilimwona mzee anayezidisha mambo. Kumbe mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa sijaumwa bado.

Kisha tukaanika mchele juani, juu ya mikeka. Aliniambia niume punje kwa meno ya mbele. Ikikatika kwa kulia "ta", imekauka. Ikibonyea na kuacha alama ya jino, irudishwe juani. Kutwa nzima niliuma punje, na kila mara moyo wangu uko masikioni, nasikiliza mto.

Ndipo siku hiyo ikafika. Mchele ulikuwa umekauka, unalia "ta" vizuri, na jua la mchana limeuchoma mpaka unaunguza vidole. Bunduki zikaanza kulia ng'ambo, upande wa Alunguli. Mwavita akaanza kulia mgongoni. Nikaanza kujaza bidoni, nafunga kifuniko, nashika nyingine. Wazo langu lilikuwa moja tu, kwamba chakula cha mwanangu kifichwe kabla hawajavuka.

Mama Riziki akatoka ndani, akashika bidoni ya kwanza, akaiweka shavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akafungua kifuniko na kuimwaga yote mkekani. Akamwaga na ya pili.

Nikapiga kelele, "Mama! Banakuja!"

"Najua banakuja. Lakini wewe unafunga na jua mule ndani?" Akanishika kiganja, akakipeleka ndani ya kifuniko. Kifuniko kilikuwa na maji. "Ona. Muchele ya moto inatoka jasho, na jasho haina mulango ya kupitia. Utafungua siku ya njaa, utakuta uvundo. Hapo utamupa mutoto nini? Acha ipumuzike."

Mwanangu, tuliuhamishia mchele kivulini, chini ya paa la jiko, tukakaa na kusubiri upoe. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Bunduki zinalia, watu wanapita mbio barabarani na vyungu kichwani, na sisi tumekaa tunaugeuza mchele kwa vidole taratibu kama watu wanaosubiri wageni wa arusi. Nilikuwa nalia wazi. Mama Riziki naye alikuwa anaogopa, niliona midomo yake inatembea kwa dua, lakini mkono wake ulikuwa unakwenda polepole. Watu husema haraka haraka haina baraka, nami nilidhani ni maneno ya kuwaambia watoto wanaokimbia na chungu. Siku ile nikajua kwamba hofu ndiyo mama wa haraka.

Ulipopoa sawasawa ndipo tukafunga. Alichagua bidoni ndogo, hakutaka kubwa, maana kila ukifungua unaingiza hewa na wadudu, na ndogo huisha kabla haijaharibika. Zile zilizowahi kutiwa petroli alizitupa mbali, kwa kuwa harufu yake haitoki hata ukiosha kwa mchanga na ndimu. Alijaza mpaka shingoni, huku akigongagonga bidoni chini ili mchele ushuke na hewa itoke. Mdomoni aliweka kipande cha sashe, ile mifuko ya plastiki, akakaza kifuniko, akadondoshea nta ya mshumaa, tunaouita buji, kuzunguka. Maharagwe machache tuliyokuwa nayo aliyachanganya na jivu la kuni lililochekechwa. Akagawa vyote, vingine tukafukia chini ya mafiga, vingine nyuma ya choo, vingine chini ya kitanda changu. Akatuonyesha mimi na Amisi kila mahali, kwa sababu akiba anayoijua mtu mmoja hufa pamoja naye.

Wenye bunduki wakavuka, na njaa ikaja, kama alivyosema. Mji ukazungukwa, shambani hakuendeki, na waliojaribu kwenda wengine hawakurudi. Watu wakala majani ambayo mbuzi anayaruka. Sisi tulipika uji wa mchele asubuhi, wakati kila nyumba inawasha moto, tukatia sombe, yaani majani ya muhogo, juu yake ili hata mtu akichungulia aone kijani tu.

Baba Saidi, masikini, alikuwa ameweka mpunga darini. Ulikuwa mzima kabisa, hakuna punje iliyooza. Walivumilia wee, mpaka asubuhi moja mtoto wao alipoishiwa nguvu ya kulia. Mama Saidi akauzungushia mchi vitambaa, akatwanga kidogo sana. Mimi nilisikia kupitia uzio: du, du, du. Nikajikuta nasema kimoyomoyo, acha, dada, acha. Wenye bunduki walifika kabla hajapepeta. Wakashusha magunia, wakambebesha Baba Saidi moja kichwani, wakaenda naye. Hajarudi mpaka leo.

Jioni hiyo Mama Riziki alijaza mchele kwenye sufuria, akaufunika kwa majani ya sombe. Nikajua anakwenda kwa Mama Saidi, nikamshika kikwembe alichojifunga.

"Mama, akijua tuko na muchele, siku batamubana atasema. Batachukua Amisi."

Akaubandua mkono wangu. "Kinu njo iko na mudomo," akasema. "Mimi sijasema moyo iko na mulango ya kufunga na buji."

Akapita kwenye uzio. Na mimi, nakwambia ukweli, nilimchukia usiku kucha. Nilimwona amemuuza mwanawe kwa sufuria ya mchele. Na akaendelea hivyo, kila bidoni tuliyofungua, sehemu yake Mama Saidi ilitoka kwanza.

Wenye bunduki walirudi kweli. Walimkuta Mama Saidi amekaa uani, wakamuuliza jirani zake wanakula nini, mbona mtoto wao ana mashavu. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio, nimemziba Mwavita mdomo kwa titi.

"Banakula sombe," Mama Saidi akasema. "Kama mimi."

Wakauliza tena, na akajibu vilevile. Wakampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Akatema damu, akatema na jino, akasema kwa mara nyingine: "Sombe." Wakaondoka.

Nilipomfikia nilimkumbatia tu, naye ndiye akawa ananituliza mimi.

Sasa sikiliza nilivyosikia juzi. Mwavita, binti yangu, naye amefunga akiba yake, na kwa hilo nimemsifu. Ameuacha mchele upoe, amedondosha nta, hajakosea hatua. Halafu akazipanga bidoni zote ukutani, akazipiga picha, akaiweka kwenye statu ya simu yake na kuandika: "Sisi tuko tayari." Mimi simu hizo sizijui. Aliyenijulisha ni Mama Saidi, ambaye bado ni jirani yangu. Alipita pale pale palipokuwa na uzio, anatembelea fimbo, na mkononi ameshika simu ya mjukuu wake.

"Mama Mwavita," akaniambia, "mimi nilitoka jino juu ya kitu hii. Na mutoto wako anaitangaza bure?"

Akacheka, na pengo likaonekana. Mimi sikucheka.

Tukamwita Mwavita. Akajitetea kidogo, kama ilivyo desturi ya vijana: "Mama, ni statu tu, banaona rafiki zangu tu." Mama Saidi hakumgombeza. Alifungua mdomo, akamwonyesha pengo kwa kidole, akamweleza lilikotoka. Mwavita alikuwa analijua pengo hilo tangu utotoni, alikuwa analitia kidole akipakatwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lilikuwa bei ya mashavu yake. Akakaa chini. Akaifuta ile picha huku machozi yanadondokea kwenye kioo cha simu, hata vidole vikawa vinateleza.

Ilikuwa imebaki bidoni moja ambayo hajaifunga. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hii ya mwisho nifiche wapi?"

Nikamwambia, "Kwa Mama Saidi."

Basi, mwanangu, wewe unayenisoma, ukiweka akiba usiifunge na hofu yako ndani. Kausha mpaka punje ilie, na uache ipoe, hata kama dunia inakimbia mbele ya mlango wako. Watu husema akiba haiozi. Huoza, ikifungwa kwa pupa. Usifiche peke yako, mwonyeshe wa nyumbani kwako. Na fikiria siku ya kula mapema kuliko siku ya kufunga: zitapigwa kelele gani, moshi utakwenda wapi, nani atasikia. Zamani kinu kilikuwa na mdomo, sasa simu ina mdomo mkubwa zaidi, na mdomo huponza kichwa. Lakini unapofunga mdomo, usifunge mkono. Kabla ya kudondosha nta, toa ya jirani. Sisi tulidhani tumefichwa na mafiga na majani ya sombe, kumbe tulifichwa na mwanamke tuliyemlisha.

Mungu aupe mchele wako kivuli cha kupoa, na nyumba yako jirani wa kunyamaza kwa ajili yako. Na ninaomba, mimi mwoga, kwamba bidoni zako mwaka huu uzifungue kwa arusi, mkatwange sombe na kupiga vigelegele kwa sauti yote, na asije mtu mwingine ila wageni.