Kondoo Niliyemshika Mgongo

Harufu ya manyoya ya kondoo yanayoungua hunirudisha Myanga, hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya bucha hapa Tuwan, Kitale, mfuko mkononi. Muuza supu wa jirani huchoma vichwa na kwato juu ya makaa, na moshi wake mzito huganda kwenye nguo. Wenzangu kwenye foleni humeza mate. Mimi hushikwa na aibu, na sijawahi kuwaeleza kwa nini.

Likizo ile ya Agosti nilitoka Kitale kwenda Myanga kwa Kuka, ndivyo tunavyomwita babu, kichwa kimejaa Kiingereza. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba Waingereza wana jina moja la mnyama akiwa malishoni, na jingine akishafika mezani. Ng'ombe ni cow, nyama yake beef. Nguruwe ni pig, nyama yake pork. Kondoo ni sheep, lakini ukimla unakula mutton. Niliyapenda mno maneno hayo. Kwetu nyama ya kondoo ni nyama ya kondoo tu. Unamtaja marehemu kila unapomega ugali.

Nekesa, binti ya baba mdogo, alikuwa rika langu, ila yeye aliishi hapo hapo kwa Kuka. Alikuwa na kondoo wake, Mashavu, aliyemlea kwa maziwa ya chupa baada ya kondoo mama kufa. Walilala pamoja jikoni, na shingoni alikuwa amemfunga kipande cha sare yake kuukuu ya shule. Mashavu alimfuata mpaka kisimani, na mimi nikawafuata wote wawili.

Jumapili, wageni wa kanisani walipokuja, Kuka alinisimamisha mbele yao. Niliyamwaga maneno yote bila kukwama.

"Si urudie hiyo ya kondoo," alisema, akicheka mpaka machozi. "Mnasikia? Mtoto wetu huyu, bana! Leo lazima nimchinjie."

Nyumbani kwa Kuka, mgeni huonyeshwa mnyama akiwa bado hai. Akimshika mgongo, amekubali. Akitaka kumwokoa, husema tu, "Mwacheni, nitamkuta nikirudi," na hakuna anayechukia. Hata sisi watoto tulilijua hilo. Kuka alirudi akivuta kamba, na aliyekuwa kwenye kamba alikuwa Mashavu, na kitambaa chake shingoni. Nekesa alisimama kwenye mlango wa jiko akinitazama mimi, wala si Kuka. Yeye hangeweza kumpinga babu. Mgeni nilikuwa mimi. Wazee walikuwa wakitabasamu, na kusema kweli sijaheshimiwa vile tena maishani. Nikanyoosha mkono. Manyoya yalikuwa na joto la jua.

Jioni Nekesa hakugusa sahani yake. Nilimsogelea, nikamnong'oneza, "Kula bana. Hii si Mashavu, ni mutton." Nilidhani namfariji. Nilikuwa najifariji mwenyewe, kwa sababu nyama ilikuwa tamu na nilitaka kuongezewa. Aliinuka akaenda kulala.

Siku hizi Kiingereza ninacho tele, nakitumia kazini kutwa nzima, na hakuna anayesimama kunishangilia. Kuka alishafariki. Nekesa ana boma lake palepale Myanga, na tukikutana kwenye harusi na matanga tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, basi. Mwezi uliopita nilikwenda kwake kwa mara ya kwanza. Tulipomaliza chai alitoka nje, akarudi na kuku mwekundu amembana kwapani, akamleta mpaka mbele yangu, kama desturi inavyotaka.

Mkono wangu ulibaki mapajani. "Mwache," nikasema. "Nitamkuta nikirudi."



"Kumbe hiyo unajua kuisema," Nekesa alisema taratibu. Kisha akamwachilia kuku uani, akaenda kutuchumia sukuma wiki.