Fundi wa Mahaboudha Aliyesema Usukani ni Mzima

Saa nne asubuhi, Hirashova Shakya anaulaza usukani wa ndege juu ya meza, anafungua skrubu sita na kupuliza ndani kwa pampu ya mkono. Vumbi la Kathmandu linamrukia mteja usoni.

"Dada, si ungenionya!"

"Wewe ndiye uliyelifuga. Mimi nimelifungulia tu."

Mteja ni karani wa benki ambaye jioni hurusha ndege za kwenye kompyuta sebuleni kwake. Anataka usukani mpya. Anamwonyesha Hirashova picha ya mmoja unaomulika taa za rangi.

"Taa hazirushi ndege, mdogo wangu. Huo unasomaje mkono wako, kwa kusuguana au kwa sumaku?"

Karani hajui.

"Wa kusuguana hulika. Mwaka wa pili utalalamika ndege inavuta kushoto, kumbe kaboni inayosuguliwa ndani imekwisha. Huu wako ni wa sumaku, humo ndani hakuna kinachogusana. Unataka usafi na grisi mpya tu. Hela zako kanunulie makanyagio mazito ya miguu yasiyoteleza sakafuni."

Karani anaondoka ameridhika. Ni mteja wa pili tangu Jumapili, na leo ni Alhamisi.

Hirashova ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Patan, mji jirani, kwa baba aliyekuwa akisubu sanamu za shaba. Ndiye aliyemfundisha kupiga tupa mpaka vipande viwili vikae pamoja bila kuchezacheza. Kibandani hapa Mahaboudha, mtaa wa mafundi wa Kathmandu, ana miaka kumi na tisa. Zamani alipokea vifurushi vya vifaa vibovu kwa basi kutoka Pokhara na Biratnagar, na mwezi mzuri ulimpa rupia elfu sitini. Sasa akifikisha elfu ishirini anashukuru.

"Mkono wangu ni uleule," anasema. "Kilichoharibika ni jina."

Liliharibika msimu wa mvua wa mwaka juzi. Kapteni Jitendra Rayamajhi, rubani wa miaka hamsini na minane aliyekuwa akipeleka ndege ndogo kwenye viwanja vya milimani, alimletea usukani wake wa nyumbani mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa akiutumia kufanya mazoezi siku za mapumziko.

"Bado unatetemeka," alisema. "Unanifanyia kazi au unanifanyia mchezo?"

Hirashova aliunganisha usukani na kompyuta. Kwenye kioo ulitokea mstari unaofuata kila mjongeo. Alipoushika yeye, mstari ulinyooka. Akamwita Purna, fundi simu wa kibanda cha pili, naye aushike. Ukanyooka.

"Kapteni, hebu shika wewe."

Mkono wa kulia wa kapteni ulipotua, mstari ukaanza kuchezacheza kama maji yanayokaribia kuchemka. Akabadili, akaweka wa kushoto. Mstari ukatulia. Hirashova alimtuma Purna chai, ili wabaki wawili.

"Kapteni, usukani ni mzima," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba uende kwa daktari."

"Unasemaje?"

"Nasema kama dada yako. Nyuma yako huketi watu kumi na wanane."

"Mimi nimetua milimani Humla kwenye upepo wa kuvunja miti, leo muuza skrubu anipime mkono?"

Aliubeba usukani bila kulipa. Jioni ileile aliandika kwenye ukurasa wa mtandaoni wa warushaji wa nyumbani, ambako neno lake lilikuwa sheria: "Fundi wa Mahaboudha anaharibu vifaa, kisha anasingizia mikono ya wenyewe." Watu mia mbili waliunga mkono. Vifurushi vikakatika.

Kwa nini hakujitetea? "Ningejiteteaje bila kumwanika? Nilikuwa na mstari kwenye kompyuta, sikuwa na cheti cha daktari."

Hata hivyo kimya hakikumpa raha. Kila ndege ndogo ilipopita juu ya paa, aliacha kazi na kusikiliza mpaka mlio upotee. "Nilijiuliza, ikianguka, nitasema sikujua? Nilijua. Hilo ndilo siwezi kujisamehe, kwamba nilimwambia yeye peke yake, kisha nikaogopa."

Haikuanguka. Miezi mitatu baadaye, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Dashain, mke wa kapteni alifika kibandani na sanduku. Ndani mlikuwa na usukani uleule. Madaktari walikuwa wamemkuta mumewe na ugonjwa wa kutetemeka, na alikuwa ameshaachishwa kazi ya urubani.

"Amesema umtafutie mnunuzi," mama yule alisema. "Amesema wewe unajua thamani yake."

"Amesema nini kingine, wifi?"

Mama yule aliangalia viatu vyake. "Hakusema kingine."

Hirashova aliusafisha, akatia grisi, akauuza kwa bei nzuri na kumpelekea mama yule fedha zote. Purna alimwita mjinga mbele ya majirani wote. "Angalau ungekata gharama ya grisi, dada!"

"Ningekata, kapteni angesema nimelipwa, hana deni kwangu."

Maneno ya kapteni bado yapo kwenye ukurasa ule hadi leo. Karani wa benki mwenyewe aliyasoma kabla ya kuja. Alikuja, anasema, kwa sababu mafundi wengine walikuwa wamefunga.

Hirashova anakunja kitambaa chake cha grisi, anakiweka mfukoni. Ana mpango wa kuvumilia hapa mwaka mmoja zaidi. Hali isipobadilika, atarudi Patan kupiga tupa kwenye karakana ya binamu yake, kazi ya kibarua.

Na kapteni? Anatamani aje kumwomba radhi?

"Radhi abaki nayo. Nataka afute ile sentensi moja tu." Ananyanyua kidole cha shahada, anakishusha juu ya meza. "Ni kubonyeza mara moja. Hata mkono unaotetemeka unaweza."