Onyo Lililobaki Ndani ya Kompyuta

Nilimshika kichwa mwenzangu akitokwa na povu mdomoni katikati ya matuta ya waridi, na kabla pikapu ya shamba haijafika lango kuu alikuwa amekata roho. Ndiyo habari niliyo nayo, wasomaji wangu. Mimi mwenyewe nilitolewa nikitapika, na mpaka leo kifua kinapiga filimbi nikipanda mlima mdogo. Alikuwa mvunaji wa maua kama mimi, jirani yangu hapa mtaani Kamere. Jina lake silitaji kwa sababu mjane wake ameniomba hivyo.

Huyu mtu alikuwa na maneno. Msimu ule Wazungu wanapogombania waridi za wapendanao, yeye alikuwa akiokota zile zilizovunjika shingo, ambazo hutupwa, anampelekea mkewe kwa mkebe wa rangi. Tukimcheka anasema, "Mzungu atanunua. Mama watoto anapata bure, na bado ananiuliza unga iko wapi." Alikuwa ametoka magharibi mwa nchi na baba yake akiwa mdogo, na hakuna siku supavaiza wetu hakumtania kwa kuku, maana watu wa huko husemwa hawalali bila kuku, ingokho kwa lugha yao.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tukiishi. Zile nyumba za plastiki tunamovunia waridi zinapigwa dawa ya wadudu jioni, na dawa ile haitaki mtu ndani mpaka ipoe. Kwa hivyo mpiga dawa akimaliza alikuwa anafunga kitambaa chekundu mlangoni, na mkono uliokifunga ndio pekee ulioruhusiwa kukifungua. Hata meneja alikuwa anasimama nje. Ndipo wakaja wageni wanaonunua maua, wakavipiga picha vile vitambaa, na meneja akaona haya. "Toeni hayo matambara," akasema. "Hapa si boma la ng'ombe. Tumekuwa digital." Akaleta fundi wa kompyuta kutoka Nakuru mjini. Kuanzia hapo supavaiza angepata kwa simu, kila asubuhi, majina ya nyumba zote, na nyumba iliyopigwa dawa ingeongezewa neno USIINGIE mbele ya jina lake.

Asubuhi ya kwanza ya hiyo digital, majina yalikuja yote safi. Hakuna hata moja lenye onyo.

"Simu iko sawa. Ingieni, order inangoja ndege," supavaiza akasema.

Mwenzangu akasimama mlangoni. "Boss, na kama inadanganya? Yangu hunionyesha niko na network, na nikipiga haiendi."

"Mzee wa ingokho, umesomea simu? Ingia kazi."

Tukacheka. Akaingia mbele, akaenda mpaka matuta ya mwisho. Mimi nilibaki karibu na mlango kwa sababu makasi yangu yalikuwa yamelegea, nikikaza skrubu. Harufu tuliisikia, lakini pua ya mvunaji haishtuki tena. Kisha nikasikia ameanguka, nikakimbia kumfuata.

Baada ya mazishi fundi alituita akatueleza. Program yake ameiandika kwa lugha inaitwa Python. Inapitia majina moja moja, na ikikuta nyumba imepigwa dawa inaongeza lile neno. "Lakini nilikuwa naongezea kwa jina lililotolewa nje, sikulirudisha kwa list," akasema. "Kwa screen yangu onyo ilikuwa inaonekana. List yenyewe, ile inaenda kwa simu, ilibaki vile ilikuwa. Ni mstari mmoja tu, nimeshairekebisha." Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa. Ni kama mtu apige picha ya mlango, aandike "usiingie" juu ya picha, kisha aende zake nyumbani. Mlango hauna habari.

Mstari mmoja tu! Alisema kama mtu aliyemwaga chai. Simlaumu peke yake, kwa maana kila mtu hukosea. Namlaumu meneja aliyetoa vitambaa kabla hata mtu mmoja hajatembea kutoka nyumba hadi nyumba kulinganisha simu na milango. Namlaumu supavaiza aliyeona simu ina akili kuliko mtu aliyesimama mbele yake akiuliza. Na tuseme ukweli, sisi wa mkono mtupu tutafanya nini? Ukikataa kuingia, nje ya lango kuna wengine wanangoja nafasi yako. Ukiingia, unaingia. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kunyongwa tumeshanyongwa.

Na sasa wamemwambia mjane kwamba mumewe alizembea, aliingia bila kuangalia. Ofisi imemwambia hivyo kwa mdomo tu, akiwa amesimama na mtoto mgongoni, naye akarudi akaniuliza mimi kama ni kweli. Nilimwambia si kweli, lakini mimi ni nani? Kazi yoyote inayomwachia mtu wa mwisho kuangalia hatari inafaa imwamini pia akisema ameona ubaya. Hilo ndilo nililojifunza, na nimejifunza nikiwa nimechelewa. Meneja, nyumba ya huyu mama unaijua, ni hapa Kamere, gari yako hupita mbele yake kila siku. Simamisha gari. Ingia, umtazame machoni, umwambie ni nani aliyemtuma mume wake ndani.