Kiti cha Jedida

Hebu mwone Jedida Kambi anavyowasili Gede. Usimtafute stendi, hakuja na matatu. Tazama barabara ya kutoka Kilifi. Linakuja gari refu, polepole, jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya maziwa ya juzi, lenye mapazia ya maua madirishani. Nyuma ya usukani yupo mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Usidhani ni maringo. Akijikunja kidogo, mgongo unamjibu.

Gari lile ni nyumba. Lina jiko, lina sinki, na kitanda chake kiko juu ya kichwa cha dereva, hupandiwa kwa ngazi. Alikuwa nalo Mtaliano mmoja mzee wa Malindi, ambaye Jedida alimfanyia kazi ya ukarani miaka mingi. Magoti ya mzee yalipoikataa ngazi, akamwachia Jedida gari, akarudi kwao. Watu wa Tezo, ambako Jedida ana nyumba yake, walimshauri auze, au afugie kuku. Yeye akasema atalifanya ofisi. Wakamtakia heri, kwa heshima.

Kazi yenyewe ni ya masikio. Kampuni ya utafiti ya Nairobi humtumia sauti za watu waliohojiwa, wakulima wa mihogo, wakunga, wauza samaki, naye huziandika kwenye kompyuta neno kwa neno, hata kikohozi. Nyumbani Tezo ilishindikana pale jirani alipofungua kinu cha posho. Maelezo ya mkunga mmoja yalifika Nairobi yakiwa na mahali pengi palipoandikwa "kinu."

Ndipo akaja Gede. Mzee Faki, mtu wa Mambrui mwenye kiwanja hapa nyuma ya maduka, alimruhusu kuegesha bila masharti. Pale pana utulivu na mtandao mzuri wa simu. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa.

Nami sisemi mzaha. Jedida alikuwa kwenye majaribio. Msimamizi wake, Caroline, alikuwa amempigia simu kwa upole, na upole wa msimamizi unaujua. Kazi mbili zimechelewa, akamwambia. Ya tatu ikichelewa, sauti zitapewa mtu mwingine. Jedida hakueleza kwamba masikio yake ni mazima na vidole ni vizima, ila hawezi kuketi hata saa moja bila kulala chini na kutazama paa. Maneno kama hayo hayafai kuambiwa Nairobi.

Alianza na benchi la Mtaliano. Lilikuwa laini mno. Lilitengenezwa kwa mtu atakayekula tambi kisha asinzie. Ukurasa wa pili haujaisha, makalio yalikuwa yameshuka chini ya magoti, naye anaandika kama mtu anayechungulia kisima. Akalitoa, akampa Bi Mishi, muuza mahamri na mbaazi wa pale uani, liwe la wateja wake. Akajaribu kiti cha plastiki. Kilimganda na dera lake, wakawa wanainuka pamoja.

Halafu akaleta kutoka Malindi kiti cha ofisi cha magurudumu. Hiki mgongo ulikipenda. Lakini kiwanja cha Mzee Faki kinateremka, na mtu aliyeziba masikio hana habari na mwendo wake. Alikuwa anaandika habari za mihogo, alipotanabahi yuko mlangoni, ana kwa ana na mpita njia. Akamsalimu, akarudi. Siku ya pili aliinuka kuchota maji, kiti kikatoka peke yake. Kilisimama kwenye jiko la Bi Mishi. Tangu hapo kuku wa Bi Mishi hutagia juu yake, na hakuna aliyemhamisha.

Mwisho akamwendea Ngala, fundi wa makochi kando ya barabara. Ngala hakumwonyesha kochi hata moja. Aliingia garini, akamketisha juu ya kreti ya soda, akamwambia aandike kama kawaida. Kisha akapima kwa kamba kutoka kisigino hadi kwenye kunjo la goti, na kutoka kiwiko hadi mezani. Akaangalia pia sakafu. Kiti alicholeta kilikuwa cha mwarobaini, kimesukwa kwa kamba ya ukindu, miguu ya upande mmoja mifupi kuliko ya pili, ili mteremko ukutane na kiti na wapatane.

"Usikitoe nje, dada," Ngala akamwambia. "Kikitoka hapa ni kiti kibovu."

Jedida alikikalia asubuhi nzima. Aliposhuka kwenda kununua mahamri, alikuwa anatembea kama binti. Bi Mishi alimtazama akauliza kama kuna harusi.

Kesho yake Mzee Faki akaja kumwamkia mpangaji wake.

"Hodi."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Starehe, starehe."

Mtu wa Pwani akikwambia starehe, maana yake usiinuke. Na wewe ukiwa umelelewa, unainuka. Jedida akainuka, akakifuta kiti kwa leso, akatamka yale ambayo mimi na wewe tungeyatamka: "Karibu uketi, baba. Kiti hiki ni chako."

Mzee Faki anatoka kwa watu ambao mtu akitoa neno, huliheshimu. Akaketi. Akaisikiliza kamba ya ukindu ikimpokea mgongo, nao mgongo wake ulikuwa na miaka zaidi ya wa Jedida. Akakaa mpaka adhuhuri. Siku iliyofuata akaja mapema, na alipoingia hakutazama huku na huku. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake.

Jedida sasa akawa anaandika kwa kusimama, kompyuta juu ya jiko, na sauti ya tatu ikisogea kwenye kuchelewa. Alidokeza kwamba leo kazi ni nyingi. Mzee Faki akamjibu, "Fanya, mwanangu, fanya. Mimi simzuii mtu." Akadokeza kwamba jua limepanda. Mzee akakubali kwamba limepanda.

Akaenda kumlilia Bi Mishi. Bi Mishi akamkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jedida akalitafakari lile jembe. Kiwanja ni cha Mzee Faki, na hapo kiwanjani mgeni ni yeye Jedida. Ukilipeleka jembe pale, hujui litaishia mkononi mwa nani.

Kwa Bi Mishi hakuna anayelalamika mikono mitupu. Alimsukumia mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele, na nazi zilizopasuliwa. Jedida akapanda, akakuna nazi za mbaazi huku akieleza shida zake kwa urefu, na shida zilikuwa nyingi. Alipomaliza aliinuka bila kushika ukuta. Akasimama. Akakaa tena.

"Nazi zimekwisha, shoga," Bi Mishi akamwambia.

"Najua."

Alikaa vile kitambo, magoti kando, mgongo umesimama wenyewe, anatazama ukuta. Kisha akarudi kwa Ngala. Alitaka mbuzi, pana zaidi, iliyonyanyuka kidogo, yenye sponji juu yake.

Ngala aliandika kichwani. "Bila chuma," akasema.

"Chuma kikae."

"Dada, wewe unaandika au unakuna?"

"Naandika. Lakini ukitoa chuma kitakuwa kigoda, na kwenye kigoda nitamkaribisha mtu."

Ngala akaelewa, akatia chuma. Kwani ni nani umemwona akimkalisha mgeni juu ya mbuzi? Heri umtandikie mkeka chini. Na mwanamume mwenye kanzu yake aikalie, watu wapite wakimwona? Hapana kiti kilicho salama kama hicho katika Pwani yote.

Asubuhi Mzee Faki alibisha hodi, akasema starehe, na kwa mara ya kwanza Jedida akastarehe. Hakuwa na haja ya kuinuka, kiti cha mzee kilikuwa kitupu kinamngoja. Yeye alikuwa juu ya mbuzi, kimeza kifupi kimepita juu ya meno, kompyuta juu ya kimeza. Mzee Faki aliinama akachungulia chini ya kimeza.

"Nazi iko wapi, mwanangu?"

"Leo hakuna nazi, baba."

"Basi wakuna nini?"

"Maneno ya watu. Nairobi wanayangoja."

Mzee akaona ni jibu linalotosha. Akaketi.

Sauti ya tatu ilikwenda kwa wakati. Ya nne ikatangulia. Mzee Faki alizoea, hata akawa na faida yake. Mtu akija kupiga soga pale mlangoni, mzee humwinulia kidole na kumwambia kwa sauti ndogo, "Anakuna."

Basi tungeishia hapo, lau Caroline asingefurahi. Alipiga simu. Alisema kazi imekuwa safi, kwamba atakuja Gede Alhamisi, aketi naye humo ofisini, wasikilize sauti moja pamoja, na akiridhika, majaribio yamekwisha, kazi ni yake moja kwa moja. Jedida, kwa adabu, akamjulisha mwenye kiwanja kwamba kuna mgeni. Mzee Faki alifurahi kuliko yeye. Alisema atavaa kanzu ya Idi, na atafika mapema akae kitini pake, maana si vizuri mgeni kuingia akakuta hapana mkubwa. Ngala aliulizwa habari za kiti cha pili. Alikuja na kamba yake, akapima kati ya sinki na mlango, akaona nafasi haitoshi, akaikunja kamba, akaenda zake.

Alhamisi ikafika. Mzee Faki yuko kwenye kiti chake, ameoga marashi, mikono juu ya mkongojo. Jedida yuko juu ya mbuzi, sponji imefutwa, chuma kimefungwa kitambaa cheupe. Nje teksi inasimama. Kunasikika viatu, na mwanamke kijana wa Nairobi anajitokeza mlangoni na mkoba wake, anatabasamu, anawatazama wote wawili.

"Hodi. Nikae wapi?"

"Karibu sana, mwanangu," anasema Mzee Faki, naye hasogei hata nukta. "Jedida, mpe mgeni kiti."

Sasa wewe uliyefundwa kwenu ukafundika, hebu niambie: ungemwinua nani?