Nimeshinda kwa trafiki, baba haongei na mimi

Leo nimebishana na trafiki pale Bagara na nimeshinda. Bora ningeshindwa.

Nilikuwa kwenye usukani, vibao vya L mbele na nyuma, baba pembeni. Trafiki akaanza kuniandikia faini, eti leseni ya kujifunzia hainiruhusu kuendesha mjini.

Nikamwamkia kwanza. "Afande, inaruhusu, mradi pembeni kuna mtu mwenye leseni."

Baba akakohoa. Nikadhani ni vumbi.

"Sawa, binti. Mzee, naomba leseni yako."

Ilikuwa imeisha muda tangu mwaka juzi.

Faini ikahamia kwa baba. Gari tukaliacha palepale, tukarudi Nangara kwa bajaji, vibao vya L nimevipakata.

Mwenye leseni ambayo haijaisha, naomba aje atutolee gari. Baba hajui kama nimeposti.