Shahidi wa Suruali

Mtaani walimwita Mama Pindo, na hakuwa na la kulalamika, maana kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikunja pindo za watu kwa cherehani ile ile. Watu aliwajua kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukimsalimia njiani aliitikia vizuri, akatazama mshono wako, ndipo akajua anaongea na nani.

Nyumba tatu zilipovunjwa na wezi mchana kweupe, wenyewe wakiwa kazini, mtaa uliunda kikundi cha ulinzi cha kuwasaidia polisi. Mama Pindo aliandikwa wa kwanza, kwa kuwa kibanda chake kilitazama njia nzima, na akashona vizibao vya njano vya walinzi wote. Zamu yake ilikuwa Jumanne asubuhi, yeye na Mwenyekiti wa kikundi, dereva mstaafu wa basi aliyelinda mtaa kama alivyoendesha basi: akitazama mbele tu, akigombeza abiria.

Jumanne moja, Mwenyekiti akiwa amesimama kumkaripia mtu kwa kutupa ganda la ndizi, Mama Pindo aliona mtu kwenye dirisha la muuguzi, jirani yake. Alikuwa amempa mgongo, mkono umezama kati ya nondo. Mama Pindo alipuliza filimbi hadi masikio yakamziba. Mtu yule akaruka ukuta, akatokomea.

Afande alikuja kuchukua maelezo. Mama Pindo alijaza ukurasa na nusu: suruali ya kaki, mfuko wa nyuma wa kulia umeshonewa kwa uzi mwekundu uliokolea, mishono ya mkono, mirefu mirefu, ya mtu asiye na subira.

"Na sura?"

"Sura sikuiona."

"Urefu?"

"Wa kawaida."

Afande alikuwa ameshatafuta watu kwa kovu, kwa jina na kwa picha. Kwa mfuko wa nyuma ilikuwa mara yake ya kwanza.

Alhamisi polisi wakampata. Mama Pindo na Mwenyekiti waliitwa kituoni, na kijana mmoja akainuliwa kwenye benchi, akageuzwa ukutani. Mama Pindo alivaa miwani, akainama. Uzi ule ule, mishono ile ile! Moyo ulimruka kwa furaha ambayo mafundi peke yao ndio huijua.

"Ndiye?" aliuliza afande.

"Ndiyo," alisema Mama Pindo, akiuambia mfuko.

Akasaini alipoonyeshwa. Miwani alikuwa ameshairudisha kwenye mkoba.

Kesho yake Mwenyekiti alisimama mbele ya kibanda cha Mama Pindo na kuhutubia wapita njia. "Jamani, mama kamtambua! Nilikuwepo. Afande kamuuliza, Ndiye? Mama hakupepesa jicho: Ndiyo! Jumatatu anapandishwa kizimbani. Miaka mitatu haimkosi."

Mguu wa Mama Pindo ukasimama juu ya kikanyagio.

"Mwenyekiti, mimi nilisema suruali."

"Suruali gani tena?"

"Suruali ndiyo. Sikusema mtu ndiye."

"Mama, usituletee sarufi hapa. Mtu si alikuwa ndani ya suruali? Ataingiaje kwenye suruali ya mwizi?"

"Kama ulivyoingia wewe kwenye koti la marehemu shemeji yako. Mabega nililipunguza mwenyewe."

Watu walicheka. Mama Pindo hakucheka. Mchana kutwa alishona zipu ileile mara tatu, na mara zote ikatokea nyuma. Mumewe aliporudi kazini alimkuta ameketi mbele ya chai iliyopoa, akaambiwa kwamba kesho mkewe anarudi kituoni kusahihisha neno lake.

"Na kama ni mwizi kweli?" mumewe alimuuliza.

"Basi nitakuwa nimemfungulia mlango wa muuguzi."

"Na kama siye?"

"Nikinyamaza, nitakuwa nimemfunga mtoto wa watu kwa irabu moja."

Jumamosi asubuhi alijitanda khanga, akashika njia ya kituoni. Mwenyekiti alimwandama hadi getini, pumzi juu juu. "Ukigeuza maneno, kikundi kimekufa. Tutapiga simu, polisi watatucheka." Hilo nalo lilikuwa kweli, lakini akaingia.

"Alhamisi ulisema ndiye," alisema afande.

"Nilisema ndiyo."

"Si yale yale?"

"Wewe uliuliza mtu, mimi nikajibu suruali. Kosa ni langu, afande. Nilikuwa nimeinama."

"Kwa hiyo siye?"

"Sijui."

"Mama! Ndiye, siye, au nani?"

"Sijui. Uzi nitauapia. Mtu siwezi."

Afande alishusha pumzi ndefu, akatoa karatasi nyingine. Safari hii Mama Pindo aliisoma yote, herufi kwa herufi, kabla ya kusaini. Kijana alikuwa ameeleza tangu Alhamisi kwamba suruali aliinunua Jumatano kwenye rundo la mitumba, ila hakuna aliyekwenda kuuliza, kwani shahidi alikuwa ameshatambua. Sasa mtu alitumwa. Muuzaji alikumbuka kuuza suruali ya kaki. Aliyemuuzia hakumkumbuka.

Kufikia saa sita afande aliamua: aachiwe, awe anaripoti kila wiki. Suruali ibaki, ni kielelezo.

"Na mimi nitaondokaje?" kijana aliuliza, amejificha nyuma ya kaunta na shati lake tu.

Sheria haikuwa na jibu. Wote wakamgeukia Mama Pindo. Alikwenda nyumbani, akarudi na suruali ya mumewe, na kijana akasimama juu ya benchi akiburuza pindo kama pazia. Mama Pindo akapiga magoti, pini mdomoni.

"Wewe ndiye mama uliyesema ni mimi?"

Kwa pini zile hakuweza kujibu. Akaitikia kwa kichwa, kisha, kwa mara ya kwanza, akainua macho na kumtazama usoni, kwa makini. Ilikuwa sura tu. Pua, macho, ndevu za siku mbili. Haikumwambia kitu.

"Usiibane sana chini, mama," alisema kijana. "Mtu hujui lini utatakiwa kukimbia."

Afande alicheka kwa sauti. Mama Pindo alibaki na sindano hewani, hajui kama huo ni utani wa mtu aliyeonewa au wa mwizi aliyenusurika. Hatimaye akaachia nafasi ya inchi moja, akashona.