Droo ya Kushoto

Sasa naweza kusimulia bila kuficha uso, lakini siku ile ningeonyeshwa shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe. Mpaka leo nikitembea Bondeni nikaona mlango wa kijani, miguu hukimbilia upande wa pili wa barabara, na hilo si jambo dogo maana Bondeni nusu ya milango ni ya kijani.

Chanzo ni sahani. Siku ya harusi yetu, katika miaka ile ya tisini, mama mkwe alitupatia sahani zake za kaure zenye maua ya buluu, alizozitunza tangu ujana wake, akaniambia mbele ya wazee wote wa Rabai, "Kazungu, hizi zikae mahali pa kuonekana." Mwaka mzima zikakaa katika katoni chini ya kitanda, zimeviringishwa magazeti, katika fleti yetu ya Ganjoni. Kisha mama mkwe akatuma salamu kwamba Jumapili ya wiki ijayo anakuja kula kwetu. Mke wangu Dama alilitazama lile katoni, nami kwa mdomo wangu huu usio na breki nikaapa (wala hakuna aliyeniuliza) kwamba mamake atazikuta zimepangwa kwenye kabati la vyombo, tena la kale, la msaji, lenye miguu ya kuchonga. Nikishindwa, mama mkwe atajua alimpa binti yake mume wa maneno matupu.

Wakati huo nilikuwa karani katika ghala moja la samaki Liwatoni. Jumamosi asubuhi mpima mizani wetu, Mzee Athmani, akaniita kando. "Nenda Bondeni, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Pana mtu yuwauza saidibodi ya zamani, kabati la vyombo, kitu cha haja. Lakini wahi, wanaoitaka ni wengi."

Nikawahi. Nilitia mfukoni futi yangu ya chuma, ile inayojikunja yenyewe, nikafika nyuma ya msikiti alasiri. Mlango wa kijani huu hapa, uko wazi, na kizingitini viatu jozi kama thelathini. Moyo ukaruka. Wote hawa wanalitaka kabati langu! Mtu mwenye akili angepiga hodi, tena mara tatu kama desturi, lakini mimi nikaona nikipiga hodi nitaambiwa nisubiri zamu, basi nikavua viatu nikajipenyeza kimya kimya. Hodi moja tu niliifanyia ubahili, nayo ndiyo iliyonimaliza.

Ndani, wanaume wa kanzu na kofia wameketi kwenye mikeka wakiegemea kuta, hakuna anayezungumza. (Mtaniuliza, ubani hukuunusa? Niliunusa. Nikajiambia watu wa mji wana ustaarabu wao, hata mnada huufukiza.) Na pale chini ya saa ya ukutani ndipo liliposimama. Msaji uliokolea, milango miwili, droo mbili zenye vishikio vya shaba, miguu imechongwa ikapindwa kama ya paka anayejinyoosha. Nilizaliwa na pupa ya macho, lakini siku hiyo ilikuwa mapenzi. Nikaziona sahani za mama mkwe zimesimama pale juu, moja moja.

Nikapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye kabati. Nikaligonga kwa kidole, mbao zikaitika vizuri. Nikatoa futi nikapima urefu, nikapima kimo. Nikavuta droo ya kulia, ikaja laini, nikavuta ya kushoto, ikagoma. Basi kwa sauti ya mnunuzi anayejua kushusha bei nikatangaza, "Droo ya kushoto inakwama!" Hakuna aliyejibu. Nikafurahi, nikadhani wapinzani wangu wameingiwa na hofu wakijua mjuzi amefika. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa uvunguni kutafuta mchwa, na vumbi la miaka likaniingia macho yote mawili.

Nilipotoka machozi yananitiririka. Mzee aliyekuwa karibu akaniwekea mkono begani. "Jikaze, mwanangu. Machozi hayarudishi kitu." Nikashangaa, nani kamwambia habari ya sahani? Akaniketisha ubavuni pake, na mtu mmoja akapita akigawa vijitabu, akanipa kimoja. Nikakifungua nikitarajia orodha ya vitu vinavyouzwa, nikakuta Kiarabu kitupu, na papo hapo watu wote wakaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Jasho likanitoka mpaka nyayoni. Ilikuwa hitima. Mwenye nyumba alizikwa siku tatu nyuma, watu wamekaa kumsomea, nami Mkristo wa Rabai nimeingia bila hodi kupima fanicha yake.

Hapo bado ningeweza kuinuka nikaomba radhi. Sikuthubutu. Nikaishika juzuu ile kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikamwombea marehemu kimoyomoyo kwa maneno yangu mwenyewe, na hilo nililifanya kweli. Dua ikaisha, sinia za biriani zikaanza kuingia, na mtoto wa marehemu, Abdalla, mtu mzima mwenye macho mekundu, akaja kuketi mbele yangu.

"Nimekuona ulivyolia," akasema. "Wewe na baba mlijuana wapi?"

"Kazini," nikasema. (Ulimi, jamani!)

"Kazi gani?"

"Liwatoni. Kwenye samaki."

Akanitazama. "Babangu kashona kofia maisha yake yote. Samaki mbichi hakuweza hata kumnusa."

Nikajaribu kuinuka nikimbie, futi ikaponyoka mfukoni, ikabingirika mkekani huku ikikunjuka, ikaenda kusimama kwenye goti la sheikh. Hapo nikasema yote bila kupumua, mama mkwe, katoni, Mzee Athmani, mlango wa kijani.

"Yaani," Abdalla akasema polepole, "umeingia kwenye msiba wetu kununua kabati la mama?"

Minong'ono ikaanza. Aibu ilinichoma kuliko vumbi machoni. Ndipo ikatoka sauti ya mwanamke nyuma ya pazia la chumba cha ndani, alimokuwa mjane, Bi Zuhura.

"Abdalla, muulize ni droo gani aliyosema yakwama."

"Ya kushoto, mama," nikajibu mwenyewe.

"Mwasikia? Miaka thalathini na minane nikimwambia babenu droo yakwama, naye akinambia haina kitu, ni mikono yangu. Leo Mungu kaniletea shahidi, na mwenyewe hayupo!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na wanaume ukumbini nao wakashindwa kujizuia. Sheikh akanirudishia futi yangu. Abdalla akanisogezea sinia, akasema, "Kula. Ushakuwa mtu wa nyumba hii."

Baadaye akanisindikiza hadi kwenye mlango wa kijani wenyewe, wa tatu kutoka kwao. Kabati lilikuwa limeuzwa tangu asubuhi.

Jumapili ile mama mkwe alizikuta sahani zake katonini. Nikamweleza kisa chote, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, akasema, "Zingoje. Leo angalau umenena kweli."

Zikangoja. Eda ya Bi Zuhura ilipokwisha, Abdalla alikuja Liwatoni, ameziba pua. Mamake anahamia kwake ghorofani, ngazi nyembamba, kabati halipiti. "Mama asema haliuzi, yuwakupa. Lilikuwa lake tangu harusi yake. Ila asema droo usiitengeneze."

Lilifika Ganjoni kwa mkokoteni, na sahani za maua ya buluu ziko juu yake hadi leo. Tangu siku ile mimi hupiga hodi mara tatu kila mahali, hata kwangu mwenyewe, majirani hunicheka. Bi Zuhura tunamtembelea kila Idi, na jambo la kwanza analouliza ni droo. Inakwama vilevile. Dama akiivuta ikagoma, akalalamika, mimi humwambia haina kitu, ni mikono yake.